Mtandio Kaburini

Jeneza lilikuwa limevunjwa upande wa kichwa tu. Theodosia Gadson alipiga magoti kwenye tope, akashika kofia yake kwa mkono mmoja isije ikadondoka shimoni, akachungulia. Ndani hamkuwa na mtu. Kulikuwa na maji ya mvua, vipande vya ubao wa msonobari na nguo. Dada Parthenia Mungin, waliyemzika Jumapili kwa nyimbo mpaka sauti zikawakauka, alikuwa amechokolewa kupitia tundu lile kama chaza anavyochokolewa gambani.

"Kamba kwapani, halafu unavuta," alisema Wigfall, mlinzi wa makaburi, aliyekuwa amesimama ndani ya shimo na koleo lake. "Huna haja ya kufukua kaburi zima. Mtu anayeijua kazi anamaliza kabla kiko chake hakijazimika."

"Na wewe unaijua, siyo?" alisema Ismay.

Ismay alikuwa binti wa marehemu, na ndiye aliyegundua. Alikuja asubuhi ile kuweka juu ya kaburi kikombe cha mwisho alichonywea mama yake, akakuta udongo umebonyea. Hakupiga yowe. Alikimbia moja kwa moja hadi kwa Theodosia, na kikombe bado kilikuwa mkononi mwake.

"Binti, mimi nazika watu tangu hujazaliwa," Wigfall alijibu. "Nitakosaje kujua wanavyofukuliwa?"

"Unanuka pombe."

"Nanuka pombe kila siku. Maiti sijawahi kunuka."

"Mwache," Theodosia alisema. "Juzi usiku, mvua iliponyesha, alikuwa selo. Nimepita polisi kabla ya kuja hapa, nikamwuliza sajini. Walimzoa barabarani jioni, wakamwachia jana mchana."

Hakumwambia Ismay yale mengine aliyoambiwa na sajini yule, mzungu mwenye shingo nyekundu, huku akimega mkate wake. Kwamba katika Georgia maiti si mali ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa. Nguo ndiyo mali. Kama wana nguo iliyopotea, basi warudi waandikishe. Wenzake walikuwa wamecheka, na Theodosia alisema ahsante bwana, kwa sababu ndivyo inavyobidi kusema, akatoka nje akatema mate mtaroni.

"Juzi mchana nililipita kaburi hili, lilikuwa zima," Wigfall alisema. "Kwa hiyo ni juzi usiku, kwenye ile mvua, maana jana haikunyesha. Na jana hakukuwa na meli."

"Meli?" Ismay aliuliza.

Wigfall alimtazama Theodosia, kama anayeomba ruhusa, kisha akasema tu. Madaktari wa huku wakitaka maiti ya kufundishia wanachukua kwenye nyumba ya maskini. Kaburi likifukuliwa hivi, kwa ufundi, maiti inaenda vyuo vya kaskazini, na inaenda kwa meli. Meli ya leo itang'oa nanga alasiri, maji yakijaa.

Ismay aliweka kikombe chini. "Shangazi Dosia," alisema, "mimi sitaki kujua ni nani. Wa kufungwa afungwe, asiyefungwa aende zake. Nirudishie mama yangu kabla hawajamkata."

"Nitamrudisha," Theodosia alisema, na papo hapo akajuta, maana hakuwa mtu wa kutoa ahadi ambazo hajazipima. Alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wagonjwa wa Mabinti wa Taa ya Rispa, chama cha siri cha akina mama weusi wa Savannah kilichojiita kwa Rispa wa Biblia, mama aliyekesha akilinda maiti za wanawe, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kutokuamini. Dada akisema anaumwa, chama kinamlisha na kumtunza; lakini kwanza Theodosia anabisha hodi bila taarifa, anamshika paji la uso, anafunua sufuria na anatazama uvungu wa kitanda. Aliwahi kumkuta mwenye baridi yabisi akicheza dansi na pasi mkononi. Kwa mgongo walimwita Pua. Yeye alijua, na hakuona tusi ndani yake.

"Nipe nguo hizo," alimwambia Wigfall. "Moja moja. Niambie kila moja ilikuwaje."

Gauni jeupe lilikuja kwanza. Lilikuwa limechanwa mgongoni kutoka juu hadi chini na kutupwa chini likiwa bonge, limejaa mchanga. Ndivyo wafanyavyo wezi wa maiti wote. Wanaijua sheria ya sajini, kwa hiyo wanachukua mtu na kuacha nguo. Soksi zilikuwa zimeviringishwa zikavuliwa kwa pupa, moja ndani nje. Theodosia alizipokea kwa ncha za vidole. Alikuwa amemvisha mwenyewe soksi zile.

"Na hiki," Wigfall alisema. "Hiki hakikutupwa. Kilikuwa pembeni, juu ya kipande cha ubao, pakavu."

Kilikuwa mtandio wa zambarau wa chama, ule ambao kila dada anazikwa nao umekatiza kifua. Ulikuwa umekunjwa. Theodosia aliutazama kwa muda, halafu akasimama, akaenda nyuma ya mti wa mwaloni, akaegemea shina.

Aliporudi Ismay alimwuliza kuna nini. Akasema ni harufu. Alidanganya, kwa sababu alikuwa amekula kiapo. Mtandio wa Rispa hukunjwa kwa namna moja tu: nyota inafichwa ndani, pindo linaingizwa chini, halafu pembe tatu zinalala juu ya moyo wa kitambaa. Ukunjaji huo hufanywa mlango ukiwa umefungwa na mlinzi yuko nje. Ismay mwenyewe, aliyekuwa daraja la kwanza, hajawahi kuuona. Mwizi wa kawaida angeutupa ule mtandio pamoja na soksi. Huyu aliweza kumfunga dada yake kamba kwapani, akamvuta kwa kichwa, akamchania gauni, akamwacha uchi kwenye mvua. Lakini mkono wake ukakataa kuutupa mtandio ovyo. Ukaukunja wenyewe, kwa mazoea, gizani. Na pengine hata hakujua kama ameukunja.

Theodosia aligeuka akawapa mgongo na kuufungua nusu. Waliojua kuukunja mtandio kwa pembe tatu walikuwa watano tu tangu mwaka ule homa ilipowaua wengine. Mmoja ni Parthenia, na Parthenia hakujivua mwenyewe. Mwingine yuko Jacksonville kwa mwanawe tangu Krismasi. Wa tatu ni yeye Theodosia. Walibaki Azilee Grovner, aliyemwosha marehemu, na Mama Mkuu wa chama, Vashti Delancey.

Kisha akaona doa. Lilikuwa katikati kabisa ya kitambaa, la kahawia, bado na unyevu, na juu na chini yake kulikuwa na alama ndogo ndogo zilizopangana. Mtandio hukunjwa na watu wawili wanaotazamana, kila mmoja ameshika ncha. Mtu aliye peke yake hana namna ila kuushika katikati kwa meno, kama mfuaji anavyofanya na shuka akiwa hana msaidizi. Akanusa. Ugoro, na mate ya mtu. Alikuwa ameweka pua yake juu ya mate ya mtu aliyemvua nguo Parthenia.

"Wigfall, fukia shimo," alisema. "Ismay, twende."

* * *

Azilee Grovner alikuwa kibarazani akichambua mchele, na mdomo wake wa chini umevimba kwa ugoro. Alipowaona alitema kwenye kopo lililokuwa miguuni pake, akajifuta kwa mgongo wa mkono. Theodosia alimwacha Ismay kwenye ngazi, akaingia ndani na mwenyeji, akasukuma mlango nyuma yake.

"Umekuja na uso wa kumfumania mtu," Azilee alisema. "Leo siumwi. Kamati haina kazi hapa."

"Juzi usiku ulikuwa wapi?"

"Kitandani kwangu. Kwa umri huu wangu nani mwingine ananitaka?"

Theodosia aliutoa mtandio ndani ya koti, akauweka mezani ukiwa vilevile ulivyokunjwa. "Umetoka kaburini kwa Parthenia. Parthenia hayumo."

Azilee hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akakaa chini kwa kishindo kiasi kwamba mchele ukamwagika. "Rispa wetu," alisema. "Nilimwosha mimi. Nilimsuka nywele mimi."

"Nani mwingine anajua kukunja hivi?"

"Unanijia mimi, Dosia? Mimi?"

"Tazama katikati. Kuna ugoro. Kati yetu wanne tulio hai, anayebwia ugoro ni wewe."

Azilee aliufunua mtandio kwa kidole kimoja, akaliangalia doa, akaangalia zile alama za juu na za chini. Ndipo akafanya jambo ambalo Theodosia hakulitarajia. Alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, akaachama mdomo wote na kuusogeza usoni kwa mgeni wake. Ufizi mtupu, uliopakwa kahawia toka pembe hadi pembe.

"Hesabu," alisema. "Jino langu la mwisho lilitangulia kaburini kabla ya mume wangu. Mkate wenyewe nauloweka. Hayo meno yaliyouma hapo ni ya mtu anayetafuna nyama."

Theodosia aliona haya, lakini haya haikukaa. Ilifukuzwa na kitu kingine. "Vashti habwii ugoro," alisema taratibu. "Vashti alimfukuza Dada Lucinda chamani kwa ugoro. Alisema ni uchafu wa enzi za utumwa."

"Alisema."

"Siku ile ya kumvisha Parthenia, kulitokea nini? Mimi niliondoka nikishamvisha soksi."

Azilee alifikiri. "Mama Mkuu alikuja mwishoni. Akasema anataka kuomba peke yake na marehemu. Nikatoka. Niliporudi jeneza lilikuwa limefungwa tayari, na akaniambia ameifunga mwenyewe misumari ya upande wa kichwa, niende nikapumzike. Nikaona ni upendo." Alichukua kopo lake, akatema, na safari hii alitema kwa hasira. "Nikaona ni upendo, Dosia! Nililia!"

"Na juzi usiku, zamu ya chama ya kukesha kaburini ilikuwa ya nani?"

"Ya Mama Mkuu mwenyewe. Alituma salamu jioni kuwa kifua kimembana na amempata mtu wa kushika zamu yake." Azilee aliweka kopo chini. "Hakusema ni nani."

Theodosia alikunja mtandio, safari hii vibaya, kama leso ya sokoni, akauingiza ndani ya koti. Kwa hiyo Mama Mkuu aliugua. Vyema sana. Dada akiugua, Kamati huenda kumtazama.

* * *

Nyumba ya Vashti Delancey ilikuwa na ukuta wa matofali na lango la upana wa magari mawili. Mumewe alimwachia biashara ya magari ya farasi ya kubeba mizigo, na yeye aliikuza. Ismay alibaki langoni. Theodosia alipokelewa sebuleni, mbele ya mchoro mkubwa wa Jumba jipya la chama, lenye nguzo nne na ghorofa, uliotundikwa mahali ambapo wengine hutundika picha ya Bwana Yesu. Kwenye mchoro jiwe la msingi lilikuwa limechorwa kwa uangalifu kuliko milango, na juu yake jina lilisomeka hata kutoka mlangoni: Vashti A. Delancey.

"Nimesikia," Mama Mkuu alisema kabla hajasalimiwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye meno mazuri meupe, na alikuwa akitafuna karafuu. "Maskini Parthenia. Tutamfanyia ibada nyingine, kubwa zaidi. Kaa, Dada Theodosia. Ule keki."

"Umesikia kwa nani?"

"Habari hutembea."

"Ismay hajamwambia mtu ila mimi. Wigfall yuko shimoni anafukia, na kwa Azilee nimetoka sasa hivi."

Mama Mkuu alihamisha karafuu toka shavu moja hadi jingine. "Basi na tumwachie Mungu. Yeye anajua alipo."

"Sijaja kwa hilo. Nimekuja kwa kifua chako. Juzi ulituma salamu kuwa unaumwa. Mimi ni Kamati."

"Nimepona."

"Hata aliyepona anatazamwa. Kanuni uliiandika wewe, tena ukaisoma kwa sauti: hakuna dada, mkubwa wala mdogo, atakayemzuilia Kamati chumba chake."

Mama Mkuu angeweza kumfukuza, lakini kumfukuza Kamati ni kujitangaza, na wote wawili walilijua hilo. Alijilazimisha kutabasamu. "Wewe na pua yako," alisema. "Haya, njoo unipime."

Chumba cha kulala kilikuwa kisafi, kitanda kimetandikwa shuka za lasi. Theodosia alimshika paji la uso kwa utaratibu wote, akamwambia atoe ulimi. Ulimi ulikuwa wa kahawia shinani. Kisha, kama alivyofanya kwenye vyumba vya wafuaji na wapishi kote mjini, alipiga magoti akafunua shuka na kuingiza mkono uvunguni. Akatoa kopo. Lilikuwa limejaa karibu nusu, mate mazito ya ugoro yenye povu juu, na karafuu zilizotafunwa zikielea. Aliingiza mkono tena akatoa buti. Kwenye nyayo kulikuwa na mchanga uliogandamana na vipande vya magamba ya chaza, yale yanayotandazwa kwenye njia za makaburi na si mahali pengine katika mitaa ile.

Alipanga vyote viwili sakafuni mbele ya Mama Mkuu. Akautoa mtandio, akaukunjua mpaka doa likaonekana.

"Uma hapo pembeni," alisema, "tulinganishe."

Vashti Delancey aliketi kitandani. Hakulia, na Theodosia alimshukuru kwa hilo.

"Usinitazame hivyo," Mama Mkuu alisema. "Umeomba kibali cha kiwanja wewe? Umesimama kwenye ofisi zao mwaka mzima, kofia mkononi, wanakuita Vashti kama mbwa wa mtu? Hawatoi. Kila mara kuna karatasi inakosekana. Halafu daktari mmoja ananiambia kwa upole kabisa, Vashti, mimi nina rafiki katika ofisi ile, na nina marafiki kaskazini wenye shida. Wao walitaka wafu. Mimi nilitaka Jumba. Watoto wenu watasomea humo! Wajane watalala humo!"

"Parthenia aliomba kitu kimoja tu kwa chama hiki. Miaka yote. Alazwe, na aachwe hapo alipolazwa."

"Parthenia hajui chochote. Amekufa."

"Ulimwimbia."

"Na nilimaanisha kila neno!" Mama Mkuu alisema, na lililo baya zaidi ni kwamba Theodosia alimwamini. Aliona kuwa mwanamke huyu aliimba kweli, akalia kweli, na mkono wake ukiwa umeshalegeza misumari. Alitamani kunawa.

"Kwa nini uliukunja?"

"Nini?"

"Mtandio. Ungeutupa na soksi, nisingekuwa hapa."

Mama Mkuu aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulionyesha kuumizwa. "Ulitaka niutupe matopeni?" aliuliza. "Mtandio wa Rispa? Unanionaje mimi?"

Theodosia aliuchukua mtandio, akaurudisha ndani ya koti. "Yuko wapi?" aliuliza.

"Ndani ya pipa. Maji ya chumvi. Limeandikwa tapentaini. Lilienda bandarini jana na gari langu."

"Ondoka tukalitoe."

"Utanitangaza? Fikiri, Dosia. Ukinitangaza hakuna atakayelala akiamini chama tena. Nani atawazika hawa watu? Kanisa? Kaunti, kwenye shimo la pamoja? Nipe neno lako kwamba utanyamaza, na leo hii Parthenia anarudi."

"Nakupa hili. Ismay yuko langoni. Ama utatoka na mimi sasa hivi, ukapande gari lako mwenyewe, ama nitafungua dirisha hili nimwambie aingie."

Mama Mkuu alitazama dirisha. Akachukua kofia yake, akasimama mbele ya kioo akaichomeka pini mbili, akarekebisha ukingo. Theodosia alisubiri huku amekunja ngumi ndani ya koti.

* * *

Gatini kulikuwa na mapipa hadi jicho linapochoka. Tapentaini yote ya misonobari ya Georgia hupitia hapo, na harufu yake hukaba koo. Pipa moja likitulia miongoni mwa maelfu, halina anayelinusa. Meli ilikuwa tayari na moshi. Makuli, weusi wote, walikuwa wakiviringisha mzigo kuelekea kwenye ubao wa kupandishia, na karani mzungu alikuwa ndani ya kibanda chake akila.

Mnyapara wa makuli alikuwa Bwana Bolden, mtu mnene mpole, mwenye kitambaa cheusi kwenye mkono wa shati. Mkewe Evelina alizikwa na chama wiki iliyopita. Theodosia ndiye aliyemtazama ugonjwani, akamfunga macho. Bolden alikuwa amesimama na mguu mmoja juu ya pipa ili lisiende zake, anangoja zamu.

"Habari za mchana, Mama Mkuu," alisema, akigusa kofia. "Dada Theodosia. Ismay, pole, mwanangu. Bado tunakulilia mama."

Ismay alikuwa bado anamtazama Mama Mkuu. Njiani, ndani ya gari, hakuna aliyemwambia kitu, lakini alikuwa amekaa akimtazama hivyo njia nzima, na hakuwa mjinga.

"Nimebadili nia juu ya mzigo wangu, Bolden," Mama Mkuu alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kufungulia mkutano. "Usiupandishe. Nirudishie pipa langu kwenye gari."

"Lipi, Mama?"

"La jana."

"Ya jana yote nimeyaweka pamoja, ndiyo haya hapa tunapandisha." Bolden alionyesha kwa kidevu. "Unayo manne."

Mapipa matatu yalikuwa yamelala karibu naye, yenye alama moja ya rangi nyekundu. La nne lilikuwa chini ya mguu wake.

Theodosia alimgeukia Mama Mkuu. "Manne," alisema.

"Uliniuliza Parthenia," Mama Mkuu alijibu kwa sauti ya chini. "Hukuniuliza wengine."

"Ni akina nani?"

Mama Mkuu alifungua mdomo, akaona kile kitambaa cheusi, akaufunga.

Ni macho tu yaliyokwenda kwenye kitambaa kile, tena kidogo, lakini Bolden aliyaona. Alitazama kitambaa kwenye mkono wake, akamtazama Mama Mkuu, akamtazama Theodosia, ambaye alijaribu kuyaficha macho yake na hakuweza. Nyuma yao makuli waliendelea kuimba na kusukuma.

"Mama Mkuu," Bolden alisema, "mke wangu yuko makaburini, siyo?"

Mama Mkuu aligeuka akatazama meli.

"Dada Theodosia. Wewe huwa hudanganyi."

"Shusha mguu, Bwana Bolden," Theodosia alisema.

Alikuwa mtu mzito, lakini aliuondoa mguu ule juu ya pipa kwa utaratibu wa mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala. Pipa lilianza kuondoka. Alilikumbatia kwa mikono yote miwili, akaweka shavu lake juu ya mbao, akabaki hivyo. Aliponyanyuka aliwapigia makuli yowe moja, na wimbo ukakatika.

"Haya manne hayapandi," aliwaambia. "Na hayaviringishwi tena. Yanabebwa. Watu wanne kila pipa, mabegani. Karani akiuliza, aje aniulize mimi."

Walimwangalia kidogo. Kisha mmoja akavua kofia, na wote wakavua, ingawa walikuwa hawajaambiwa kitu. Walikuja, wakainama, wakashika pipa la kwanza. Ismay alisogea akaweka kiganja chake juu ya alama nyekundu, kisha juu ya ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, bila kujua lipi ni la mama yake.

"Ngojeni," Bolden alisema. "Hatuwezi kuwabeba vichwa mbele, kama magunia; maiti hutangulizwa miguu. Upande wa kichwa ni upi?"

Makuli walitazamana. Theodosia hakujua.

Vashti Delancey alijua. Alisogea mbele na kofia yake yenye pini mbili, akaelekeza kidole upande wa kichwa wa pipa la kwanza, halafu la pili, halafu la tatu, halafu la nne, na hakusita hata kwenye moja.